Shimo la Moshi Kibuli

Siku Dawudi alipochukuliwa, shimo la moshi lilikuwa limekwisha chimbwa.

Lilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha mabati, kina chake mkono mmoja kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na mdomo wake umezungushiwa shingo ya chungu kilichovunjika ili udongo usiporomoke. Sitti alilichimba mwenyewe kwa sababu binti yake wa mwisho, Safinah, alikuwa aolewe baada ya wiki mbili, na kwa Wanubi wa Kibuli binti hatoki kwa mama yake bila kufukizwa. Huketishwa juu ya shimo bila nguo, juu ya mkeka uliotobolewa katikati, akafunikwa blanketi la sufu toka shingoni hadi chini. Chini yake hufuka kuni za talhi, ule mgunga wa kaskazini wenye gome jekundu, mpaka jasho limtiririke na ngozi ing'ae kama shaba iliyosuguliwa. Siku hizo bibi arusi hasemi neno. Wanawake wazima humsemea. Na mwanamume, awe baba, awe kaka, hakisogelei kibanda.

Dawudi, mumewe Sitti, alikuwa mwanamume mdogo wa umbo, mabega membamba, na kazi yake ilikuwa kutunza nyumba ya watu. Miaka kumi na tisa alifagia jumba moja la mawe upande wa juu wa mji, lenye bikari kubwa ya shaba juu ya mlango, bikari ile ile ambayo watoto wa shule huchorea duara. Wenye jumba walikuwa Wazungu na Wahindi wa suti nyeusi. Walikutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, wakajifungia, na Dawudi akabaki jikoni akipasha supu. Ukumbini mwao mlikuwa na sakafu ya miraba nyeupe na nyeusi, viti vitatu virefu, na jicho lililochorwa darini. Watu mitaani walisema humo hunywewa damu.

"Damu gani?" Dawudi alikuwa akiwajibu. "Nimeosha glasi zao miaka yote hii. Ni divai, na mmoja wao humwaga sana."

Wahindi walipofukuzwa nchini, na Wazungu nao wakaanza kufunga masanduku, katibu wa mwisho wa chama kile alimpa Dawudi ufunguo akamwambia, "Nitarudi." Ilikuwa imepita miaka miwili. Kila Alhamisi Dawudi alipanda mlima, akafagia, akapangusa vile viti vitatu, akawasha mshumaa mmoja kuondoa uvundo, akafunga, akarudi nyumbani. Sitti alimwambia aache. "Nimekabidhiwa," alisema, na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi wa katani. Hilo ndilo kosa lake lote. Aliendelea kufagia, na mtu fulani akauona mwanga wa mshumaa katika jumba lisilo na wenyewe.

Walikuja Jumatano saa saba mchana, Dawudi akiwa ameshika tonge. Gari jeupe la Pijo, vijana watatu wenye miwani myeusi na viatu vya soli nene.

"Mzee, kuja. Maneno kidogo tu, utarudi."

Maneno kidogo tu! Kampala nzima ilijua urefu wa maneno hayo. Walimkata uzi wa shingoni kwa kisu, wakauchukua ufunguo, wakamkunja wakamtia ndani ya buti la gari, na buti likafungwa kwa sauti ambayo Sitti aliisikia ndani ya meno yake. Ndara moja ya Dawudi ilibaki kizingitini. Sitti hakuiokota. Aliifunika kwa kawa la kufunikia chakula, lile la rangi nyekundu na kijani alilolisuka mwenyewe, mtu yeyote asije akairuka akamletea nuksi.

Alhamisi alikwenda kwenye kambi ya jeshi kuuliza. Askari wa getini alimtazama kama mtu anayetazama mvua. "Mama, rudi nyumbani upike. Ukiuliza tena tutakuweka pamoja na yeye." Ijumaa hakutoka. Jumamosi kila gari lilipopita chini ya kilima, alikimbilia dirishani. Safinah aliacha kula. Jirani yao Nusura, mjane mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliujua, alikuja akakaa jikoni bila kusema kitu, na hapo Sitti akajua kwamba mambo ni mabaya kweli.

Jumapili, baada ya adhuhuri, gari la Pijo likarudi.

Safari hii alishuka ofisa mmoja aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi ikakata, na dereva wake mwenye bunduki. Ofisa alijitaja: Kapteni Saverio. Hakuna aliyejua kwao hasa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Dereva, Sitti alimtambua kwa sura, maana alimfahamu mama wa kijana huyo na sura ilikuwa ile ile: Fadhul, mtoto wa Wanubi wa Bombo. Fadhul alitazama chini.

Kapteni aliketi kwenye kiti cha Dawudi. Akatoa kitabu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka magotini kama mtu anayepakata paka.

"Mama, mimi si mtu mbaya," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nasoma. Hii nilitoa kwa lile jumba. Ile historia tulifundishwa shuleni ni uongo mtupu. Wafalme, maraisi, mapapa, wote iko chini ya chama moja. Na ilianza wapi? Ilianza huku kwetu, juu ya Naili, kwa mafundi wenye kujenga piramidi. Wazungu waliiba siri, wakapeleka kwao, wakatutawala nayo. Sasa imerudi kwa chanzo ya mto. Imerudi hapa." Alisogea mbele. "Mwenye kuingia, risasi haimpati. Jina yake ikiandikwa kwa karatasi, karatasi inapotea."

Sitti alimtazama Fadhul, naye Fadhul akazidi kutazama chini.

"Na jina yangu imeandikwa," kapteni alisema, polepole zaidi. "Wiki iliyopita walichukua rafiki yangu. Asubuhi tulikunywa chai pamoja. Mchana hayuko."

Hapo Sitti akaona kitu kilichomtisha kuliko bunduki. Gari lilipita chini ya kilima, na kapteni akageuka upesi kutazama mlango.

"Mume wako nimemuuliza siku nne. Anasema yeye anafagia tu. Mtu anapigwa siku nne anasema anafagia tu? Hiyo ni mtu mwenye kiapo. Kesho nikimwuliza tena, mama, sijui kama atamaliza kesho." Akainuka ghafla. "Nyuma kuna nini?"

Hakungoja jibu. Alipita jikoni, mbele ya Nusura aliyejibana ukutani, akafungua mlango wa kibanda cha mabati. Akaliona shimo. Akaona mkeka uliotobolewa, blanketi, kigoda, chupa za mafuta ya msandali na karafuu zilizopangwa kwenye sinia, na ule mti mwekundu uliofungwa kwa kamba, haujakatwa bado. Kisha akafungua kitabu, akafunua, akafunua, akamwonyesha Sitti picha: mtu aliyefunikwa nguo toka shingoni hadi chini, ameketi, na moshi unatoka chini yake.

"Ukurasa wa arobaini na moja," kapteni alisema. "Mapadri wa zamani wa Naili. Hii ni nini, mama?"

Sitti alifungua mdomo kusema: ni moshi wa bibi arusi, afande, binti yangu anaolewa. Maneno yalifika ulimini. Lakini alitazama uso wa kapteni, akaona ni uso wa mtu aliyekwisha jijibu mwenyewe. Akafunga mdomo. Na kule kufunga mdomo kukamaliza kila kitu.

"Kumbe," kapteni alinong'ona. "Mzee ni mlinda mlango tu. Mwenyewe ni wewe."

Sitti alijua kwamba akikataa, Dawudi hamalizi kesho. Na akikubali, huenda wasimalize wote. Aliyatazama mafuta yake kwenye sinia, mahali alipoyapanga kwa mikono yake, na mikono ikampa neno.

"Kuni hazijakatwa," alisema.

"Kata."

"Sikati mimi. Mwenye ufunguo ndiye hukata. Kwa mkono wake mwenyewe, na mkono uwe mzima. Akikata mwingine, moshi unamgeukia aliyekaa."

Kapteni alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye shimo, kana kwamba limemkoholea.

"Mkono yake iko mzima," alisema haraka. "Miguu ndiyo kidogo... Kesho. Kesho saa tisa."

Alipoondoka, Nusura alimkamata Sitti mabega. "We mwanamke umepagawa? Utamfukiza mwanajeshi kama mwari?"

"Wewe unajua njia nyingine?"

Nusura alisema, "Basi usisahau kumpaka mafuta, atatoka na magamba," kisha wote wawili wakacheka kicheko kibaya kisicho na pumzi, na Safinah aliyekuwa chumbani akaanza kulia.

Jumatatu saa tisa kamili walimleta Dawudi. Fadhul alimshusha kwa kumbeba, kwa sababu nyayo zilikuwa zimevimba kama mikate, ngozi imepasuka na kutoa maji. Jicho moja lilikuwa limefunga. Sitti hakumkimbilia. Alijua kwamba akimgusa tu, atalia, na mchezo utakwisha hapo hapo. Alimwekea kigoda, akampa panga dogo na ule mti mwekundu.

"Sitti, unafanya nini?" Dawudi alinong'ona.

"Kata kuni."

Alikata. Vipande vya urefu wa kiganja, kimoja kimoja, huku akipumua kwa mdomo. Kapteni alisimama akitazama kila kipande kikidondoka kama mtu anayesomewa hukumu.

Sitti alipanga kuni shimoni, akawasha, akangoja mwali ufe ubaki moshi. Akamwambia kapteni avue sare. Akageuka pembeni, akamkabidhi blanketi kwa mkono wa nyuma, na alipogeuka tena kapteni alikuwa ameketi juu ya mkeka, kichwa tu nje. Bila kofia, bila nyota za mabegani, alikuwa na shingo nyembamba na kovu la jipu. Bastola ilikuwa imebaki kwenye mkanda, na mkanda ulikuwa mkononi mwa Fadhul, na Fadhul alikuwa amesimama mlangoni.

Ndipo moshi ukapanda.

Yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kinubi anaijua harufu ile. Ni tamu na nzito, ina kitu cha ngozi mbichi na kitu cha sukari iliyoungua, na anayeinusa mara moja huona mama yake, dada zake, hina, ngoma. Sitti aliona pua ya Fadhul ikitanuka. Aliona macho yake yakitoka kwenye shimo, yakaenda kwenye chupa za mafuta, yakaenda kwenye mlango wa chumba alimojificha Safinah. Kisha yakamtazama yeye, usoni, kwa mara ya kwanza. Ameelewa. Ameelewa yote.

Kapteni alikuwa akitokwa na jasho kama mfereji. "Fadhul!" aliita. "Wewe si Mnubi? Hii ndiyo yenyewe?"

Dawudi aliacha kupumua. Nusura, jikoni, alishika mwiko kwa mikono miwili. Fadhul aliuhamisha mkanda toka mkono mmoja hadi mwingine.

"Afande," alisema, "hii ni ya wakubwa. Mimi tangu nizaliwe sijaruhusiwa kuiona."

Na wala hakusema uongo.

Sitti alitia kipande kingine. Alikuwa anaanza kuhesabu pumzi zake apate kutulia, wakati kitu ambacho hakukifikiria kabisa kilipotokea. Moshi ulivuka ua. Wanawake wa nyumba za chini wakaunusa, wakajua mtoto wa Sitti amekalishwa, wakasahau hofu yao ya wiki nzima na wakafanya kile ambacho mwanamke wa Kinubi hufanya: mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akamwitikia kutoka ng'ambo ya njia. Kisha wa tatu, wa nne, hadi kilima chote upande ule kikawa kinalia.

Kapteni aliruka juu ya mkeka, blanketi likamponyoka bega moja. "Nani hao? Nani hao wanaita?"

"Wamejua umeingia," Sitti alisema.

"Wote hao? Wote ni wa chama?"

"Aliye ndani hasemi, afande."

Akanyamaza. Aliketi akiwa ametoa macho, machozi yakichanganyika na jasho, na kila kigelegele kilipopaa, alijikunja zaidi chini ya blanketi. Sitti hakuwahi kuona mtu mzima akiogopa hivyo, na hakumwonea huruma, na alijiogopa mwenyewe kwa hilo.

Alimkalisha saa nzima. Akampa mafuta ajipake mwenyewe, akamwambia asioge siku saba na asimguse mwanamke, akamwambia arudishe ufunguo. Kapteni aliuweka kiganjani mwa Dawudi na kuinamisha kichwa. Uso wake uling'aa, mwekundu-mweusi, laini, mzuri kwa kweli, kama wa mwari wa siku ya saba.

"Mzee anabaki," alisema. "Sasa sisi ni ndugu. Ijumaa nitaleta wengine wawili, watu wakubwa kunishinda."

Akaenda kuketi garini. Fadhul alirudi ndani kuchukua kitabu kilichosahaulika kwenye kiti. Alipompita Sitti alisema bila kusimama, akimwita bibi kwa Kinubi chao cha nyumbani:

"Haboba, ana mwanamke Kabalagala. Ni wetu, binti wa Kinubi. Jioni hii atakwenda kwake, hata ungemkataza siku mia. Binti akimnusa atacheka. Na huyu akichekwa, mimi na nyinyi tumekwisha."

Sitti alikuwa amefikiria kuni, amefikiria mkono mzima, amefikiria kuoga. Hakuwa amefikiria harufu. Harufu ile haitoki. Ndiyo maana bibi arusi hufukizwa, ili anukie siku saba.

"Na wewe?" alimuuliza.

"Mimi namfikisha Kabalagala, naliacha gari, nakwenda zangu." Akatoka na kitabu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na iliwabidi watoroke mjini kabla ya giza. Kaka yake Sitti alikaa Kibera, Nairobi, na njia ya huko ilipitia Jinja, kwa wazazi wa mchumba wa Safinah. Lakini barabara ya Jinja ilikuwa na kizuizi cha askari pale Nakawa, na mzee aliyevimba jicho na nyayo asingepita hata angekuwa na barua ya nani.

Nusura ndiye aliyesema, akimtazama Dawudi pale kwenye kigoda, mdogo, amejaa moshi tangu nywele hadi vidole. "Huyu ananukia vizuri kuliko Safinah."

Walitazamana. Hakuna aliyecheka. Safinah mwenyewe alitoka chumbani akiwa amebeba shuka lake jekundu la arusi, akamfunika baba yake kichwani, akamfunga mkufu wa shanga. Sitti alikoroga hina, nyingi, nzito, akamkandika nyayo zile zilizopasuka, na Dawudi akauma kona ya shuka asilie. Juu ya hina wakafunga vitambaa vyeupe, kama ifungwavyo miguu ya mwari asiyetakiwa kukanyaga chini. Nusura alikwenda kwa mkwewe mwenye pikapu. Hakueleza, alisema tu arusi imeharakishwa.

Nakawa jua lilikuwa limelala upande. Wanawake sita nyuma ya pikapu, ngoma moja, mwari katikati. Askari alinyoosha mkono, gari likasimama, na ngoma ikafa.

"Arusi ya Jumatatu?"

"Bwana arusi ana haraka, ungemwona ungemhurumia," Nusura alisema.

Askari alizunguka. Kwa ncha ya bunduki aliinua pindo la shuka jekundu, polepole, hadi kwenye vifundo vya miguu. Sitti aliona jasho la Dawudi likilowesha kitambaa usoni. Aliona hina ikichuruzika, na ndani ya hina uzi mwembamba wa damu. Zote nyekundu. Aliomba Mungu zifanane.

"Mbona bibi arusi ana miguu mikubwa hivi?"

"Wewe wa kwako ulimwoa miguu?" Nusura alimkata. "Mwari amefukizwa mchana kutwa, amevimba kwa joto. Sogea unuse kama huamini, halafu ukamweleze mama yako ulichokuwa unanusa."

Wenzake kwenye magunia ya mchanga wakaangua kicheko. Askari alisogea kweli. Aliinamisha pua, akavuta, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto aliyepitishwa nje ya nyumba yenye sherehe. Akaliachia pindo.

"Pita. Mungu awape watoto."

Ngoma haikuanza upesi. Mikono ya aliyeishika haikutaka. Pikapu ilipokuwa imeliacha soko la Nakawa nyuma, Safinah akaanza kulia kimyakimya, na Nusura akampiga kofi la paja: "Piga kigelegele, wewe! Nani analia kwenye arusi ya mwenzake?"

Sitti aliinamia shuka jekundu. Chini yake Dawudi alikuwa akisema kitu, na ilimbidi aweke sikio.

"Alhamisi," Dawudi alisema. "Nani atafagia?"

Sitti alimtafuta mkono, akaukuta umefumba ufunguo kwa nguvu, akafumbua kidole kimoja kimoja, na walipofika mahali barabara inapokata bwawa la mafunjo alirusha ufunguo kwa nguvu zake zote. Haukutoa sauti. Kisha akanusa viganja vyake, akatazama jua, akaanza kupima moyoni Kabalagala ni mwendo wa dakika ngapi, na binti yule atakawia kiasi gani kumfungulia mgeni wake mlango.